Tuyalinde Masikio ya Wanaotulinda

Lipo jeraha lisilotoka damu, lisilovunja mfupa wala kuacha kovu. Aliyejeruhiwa hutembea, hula na hucheka na wenziwe, na kila amtazamaye humwona mzima. Siku moja mama yake humwita kutoka uani, naye asiitike. Akiitwa mara ya pili na ya tatu, watu wa nyumbani husema kijana amerudi na kiburi tangu alipokwenda jeshini. Hawajui kwamba sauti ya mama haikumfika. Hajui hata yeye mwenyewe, kwa kuwa usikivu humtoka mtu kidogo kidogo, kama chumvi inavyoyeyuka majini, na mwenye kuupoteza ndiye wa mwisho kutambua.

Leo tunataka kusema juu ya jeraha hilo, na hasa juu ya vijana wetu wanaofunzwa kuruka kwa miamvuli kutoka katika ndege za kijeshi. Tumewaona katika sherehe za Taifa wakiteremka kutoka mawinguni, na umati wa watu ukawashangilia. Ni haki yao kushangiliwa. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza masikio ya vijana hao yamepitia nini kabla ya miguu yao kugusa ardhi.

Huenda msomaji wetu wa Visiwani akauliza: kwa nini gazeti limelichukua jambo hili na kulipeleka mpaka Malinyi, katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, mahali ambapo pwani haionekani wala haisikiki? Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, ulinzi ni jambo la Muungano. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, ni moja tu. Kijana wa Makunduchi, wa Wete na wa Kilindoni huketi katika benchi moja la ndege na kijana wa Malinyi, wakavaa mwamvuli wa namna moja na wakazibwa masikio na ngurumo ile ile. Kikosi hakina kelele ya Bara na kelele ya Visiwani. Pili, Malinyi iko katika mkoa ule ule wenye uwanja wa ndege za kijeshi wa Ngerengere, nayo, kama wilaya nyingine zote za mashambani, hutoa vijana wanaokwenda kulitumikia Taifa na kisha kurudi kulima. Tukitaka kuijua thamani ya sikio, na tukaangalie huko wanakorudi.

Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga na ya maji. Mvua zikikolea, mto hufurika ukaitwaa mbuga, na maji yanapopungua mkulima huwa tayari ana mpunga wa kulinda. Familia nyingi huhamia mashambani kwa miezi kadhaa, wakakaa katika madungu wakiwinga ndege mchana na wanyama usiku. Usiku huo wa bondeni hauna taa. Anayelinda mpunga hulinda kwa masikio. Husikia mabua yakivunjika upande wa mto akajua kiboko ametoka majini. Husikia mguno akajua ni nguruwe. Husikia watoto wa jirani wakilia akajua kuna jambo. Mlinzi asiyesikia ni sawa na shamba lisilo mlinzi, na zaidi ya hayo ni mtu anayeweza kukanyagwa na kiboko asiyemsikia akija.

Watu wa Visiwani hawahitaji kuelezwa sana maana ya maneno haya. Mvuvi aliyeko nje ya mwamba usiku wa giza huusikiliza mwamba kabla ya kuuona. Mvumo wa mawimbi juu ya matumbawe humwambia yuko wapi, na sauti ya mwenziwe kutoka ngalawa ya pili humwambia ashike upande gani. Basi mkulima wa Malinyi na mvuvi wa Nungwi ni ndugu katika jambo hili: wote wawili wanakula kwa mikono, lakini wanaishi kwa masikio.

Tuseme sasa jinsi kelele inavyoliharibu sikio, maana wengi hudhani sikio huzoea. Ndani kabisa ya sikio, katika sehemu iliyojikunja kama konokono, mna chembe hai zipatazo elfu kumi na tano, kila moja ikiwa na vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Sauti ikiingia hutikisa maji yaliyomo, vinywele vikayumba kama majani ya mpunga kwa upepo, na ubongo ukapata habari. Upepo ukiwa wa kiasi, mpunga huinama kisha ukasimama. Ukiwa wa tufani, huvunjika. Tofauti ni kwamba mpunga hupandwa tena msimu ujao, lakini chembe hizo za mwanadamu zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha, si Ifakara, si Mnazi Mmoja, wala katika hospitali yoyote ya ng'ambo. Ndiyo maana yule aliyedhani amezoea kelele, kwa kweli ameanza kuwa kiziwi.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Wataalamu wa afya za wafanyakazi wamekubaliana kwamba desibeli 85 kwa muda wa saa 8 ni mpaka ambao mtu hapaswi kuuvuka bila ya kinga. Hesabu ya desibeli, hata hivyo, si kama hesabu ya pishi na vibaba. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya kelele huwa maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo iliyopendekezwa na wataalamu wa Marekani, desibeli 88 ni saa 4, desibeli 94 ni saa 1, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Asiye na chombo cha kupimia atumie kipimo cha kienyeji: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, jua kelele ya hapo yatosha kukudhuru.

Na tuingie sasa ndani ya ndege. Ndege za kubeba askari wa miamvuli hazikutengenezwa kwa starehe ya abiria. Kuta zake hazina matandiko ya kumeza sauti, na injini za rafadha zinanguruma nje ya ubavu mwembamba. Kelele ndani ya ndege za namna hiyo hufika kiasi cha desibeli 100, na mlango unapofunguliwa ili watu waruke, upepo huongeza sehemu yake. Tukumbuke hesabu yetu: desibeli 100 ni dakika 15. Safari ya kupanda, kuzunguka na kulifikia eneo la kurukia aghalabu huzidi muda huo. Mwanafunzi huruka mara moja akatoka katika kelele. Lakini mwalimu, ambaye kazi yake ni kusimama mlangoni na kuwaruhusu mmoja mmoja, hubaki humo kundi baada ya kundi, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Yeye ndiye anayeumia zaidi, naye ndiye ambaye Jeshi limetumia fedha na muda mwingi zaidi kumfunza.

Anayeruka kutoka juu sana bila ya kufungua mwamvuli mapema hupambana na jambo jingine. Hushuka kwa kasi ya kilomita zipatazo 200 kwa saa, na upepo wa kasi hiyo ukipita masikioni ni ngurumo peke yake. Isitoshe, uzito wa hewa hubadilika upesi. Mwenye mafua, ambaye mfereji unaounganisha sikio na koo umeziba, huweza kupata maumivu makali, na hata kiwambo cha sikio kupasuka. Kijana mwenye ari hatasema ana mafua siku ya kuruka, kwa kuogopa kuachwa. Ni juu ya mkuu wake kuuliza, na ni juu ya mganga wa kikosi kukagua.

Baada ya kutua, mazoezi huendelea kwa bunduki. Mlio wa bunduki ya kivita karibu na sikio la mpigaji hupita desibeli 150, ilhali kikomo kinachokubaliwa kwa mlio wa ghafla ni desibeli 140. Hapa hapana habari ya saa wala dakika. Risasi moja yatosha kuacha mvumo masikioni usiokoma. Wazee wa bonde la Kilombero, nchi iliyosifika kwa malaria, wanaujua mvumo wa namna hiyo kwa sababu ya kwinini waliyomeza katika ujana wao. Masikio yalivuma kama yamejaa nyuki, na kwa kawaida dozi ilipokwisha mvumo nao ukaondoka. Kijana anayetoka katika mazoezi na mvumo masikioni asidanganyike kwamba daima utaondoka hivyo hivyo. Mvumo ni hodi. Hodi ya kwanza ikipuuzwa, mwenye nyumba atakuja kukuta mlango umevunjwa.

Tunajua hoja zitakazotolewa dhidi ya maneno yetu, na kwa kuwa zinatolewa na watu wazima wenye uzoefu, yafaa zijibiwe kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni kwamba askari lazima awe shupavu, na kwamba wa zamani waliruka bila ya vizibo wakashinda vita. Ni kweli waliruka, na ni kweli walishinda. Lakini ushupavu ni wa moyo. Chembe za sikio hazina moyo. Hakuna anayesema askari avue kofia ya chuma ili aonyeshe kichwa chake ni kigumu. Kama tunalinda fuvu, kwa nini tusilinde kilichomo?

Hoja ya pili ni nzito zaidi: askari aliyeziba masikio hatasikia amri. Jibu lake limo ndani ya ndege yenyewe. Katika ngurumo ile hakuna anayesikia maneno kwa uhakika, na kwa sababu hiyo majeshi ya ulimwengu huongoza urukaji kwa ishara za mikono na kwa taa. Nyekundu ya kungoja na kijani ya kuruka. Amri inayoonekana kwa macho haizuiwi na kizibo cha sikio. Tena, kizibo kizuri hupunguza kelele na maneno kwa pamoja, na mara nyingi mtu husikia kelele za jirani kwa ufasaha zaidi akiwa nacho kuliko sikio lake likiwa limelewa ngurumo. Akishatua, na avitoe avihifadhi, kwa kuwa ardhini anahitaji kusikia kila jani linalokanyagwa. Na kijana atakayehitaji kusikia jani hilo akiwa na umri wa miaka 40 ni yule aliyelindwa akiwa na miaka 20. Kizibo hakimnyang'anyi askari silaha ya usikivu, bali humtunzia silaha hiyo.

Hoja ya tatu ni fedha. Sisi twasema hii ndiyo hoja iliyo dhaifu kuliko zote. Vizibo vya sponji ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu kabisa anavyoweza kupewa askari, na mwamvuli mmoja huzidi thamani ya maelfu ya jozi za vizibo hivyo. Anayeona kinga ni ghali na atazame mzigo wa kumhudumia kiziwi kwa miaka 40. Tangu mwaka 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imeweza kuwapandikizia viziwi chombo cha kusaidia usikivu, kazi ambayo hapo kabla iliwalazimu wagonjwa kupelekwa nje ya nchi. Ni fahari kwetu sote. Hata hivyo gharama yake kwa mtu mmoja ni mamilioni ya shilingi, na chombo kile, pamoja na ustadi wote wa kukitia, hakirudishi sikio alilozaliwa nalo mtu.

Kwa wale wanaotaka mfano wa nchi iliyofanya hesabu hii baada ya hasara, tunao wa Marekani. Huko mvumo wa masikio na upotevu wa usikivu ni miongoni mwa ulemavu unaoongoza kulipiwa fidia kwa askari waliostaafu. Kati ya mwaka 2003 na 2015 jeshi la nchi hiyo lilinunua kwa wingi vizibo vya aina moja. Baadaye ilidaiwa kwamba vilikuwa vifupi mno kukaa vyema sikioni na kwamba kasoro hiyo haikuelezwa. Mwaka 2018 kampuni ya 3M ilikubali kulipa dola milioni 9.1 kumaliza madai ya serikali, na mwezi Agosti 2023 ikakubali kulipa kiasi cha dola bilioni 6 kumaliza madai ya askari zaidi ya laki mbili, bila ya kukiri kosa. Yapo mafunzo mawili hapo. La kwanza, kutoa kizibo si mwisho wa kazi. Lazima kiwe kinachofaa, na kivaliwe ipasavyo. La pili, askari wa Marekani alikuwa na mahakama ya kukimbilia na mawakili wa kumsemea. Wetu je?

Swali hilo linatupeleka kwenye sheria. Tanzania Bara inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Wakala wa kuisimamia, OSHA. Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2005. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatamka wazi kwamba haiwahusu wanajeshi, polisi, magereza wala Jeshi la Kujenga Taifa. Hatuilaumu sheria hiyo. Jeshi haliwezi kuendeshwa kwa mgomo na kura za chama cha wafanyakazi. Ila tunasema hivi: mfanyakazi wa kiwanda anaweza kumweka msimamizi wake katika kikao na kumdai vizibo. Askari hawezi, na asilaumiwe kwa kunyamaza, kwa kuwa kunyamaza ni sehemu ya kiapo chake. Pale ambapo mtu amekatazwa kujisemea, aliyemkataza amebeba wajibu wa kumsemea. Utii wa askari ni amana mikononi mwa mkuu wake, na amana haichezewi.

Wala jambo hili haliishii ndani ya kambi. Taifa halijasahau milipuko ya ghala la silaha la Mbagala ya tarehe 29 Aprili 2009, wala ile ya Gongo la Mboto ya tarehe 16 Februari 2011. Watu walipoteza maisha, nyumba zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi wao usiku. Katika misiba ya namna hiyo huhesabiwa maiti na nyumba, na ni haki kuhesabu hivyo kwanza. Lakini wimbi la mlipuko hupasua viwambo vya masikio vya watu wasioguswa na kipande hata kimoja cha chuma, na mtoto aliyepata jeraha hilo akarudi skuli, huweza kuitwa mjinga na mwalimu ambaye sauti yake haimfikii. Likitokea la kutokea, ambalo twaomba lisitokee, ukaguzi wa masikio na uwe miongoni mwa huduma za mwanzo, si jambo la kukumbukwa mwaka wa pili.

Turejee Malinyi, maana askari hujenga maisha yake mbele baada ya kuvua sare. Anarudi na masikio yaliyokwisha kupunguziwa. Anapata kazi katika mashine ya kukoboa mpunga, ambako wakati wa mavuno injini hunguruma tangu alfajiri hadi usiku na wasemaji huelewana kwa kuashiriana. Au anashika pawatila, au chenso, au pikipiki. Hakuna anayempa kizibo wala anayemwambia kwamba sikio hukusanya madeni yote katika daftari moja: deni la ndege, deni la bunduki na deni la mashine. Na akitaka kupimwa, safari yake ni ndefu. Kabla ya kumfikia bingwa wa masikio mwenye vyombo vya kupimia, atavuka bonde zima, na katika masika barabara ina maneno yake. Mtu wa namna hiyo hatakwenda. Atakaa kimya, na kidogo kidogo ataacha kwenda barazani, kwa kuchoka kuuliza "umesema nini?" Upweke huo haumo katika takwimu yoyote.

Na Visiwani hatuna haki ya kumcheka. Boti zetu zina mashine zinazonguruma nyuma ya kisogo cha nahodha. Seremala wa samani anakata mbao kwa msumeno wa umeme bila ya kinga yoyote. Baruti za wavuvi haramu zilizoitesa pwani ya Tanzania kwa miaka mingi zilipasua matumbawe, na mpiga mbizi aliyekuwa karibu nazo majini hakusalimika. Katika sherehe zetu za Taifa mizinga 21 hupigwa, nasi huwabeba watoto mabegani ili waione vizuri, bila ya kufikiri kwamba tunayasogeza masikio yao mlioni. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 ulimwenguni wana upungufu wa usikivu wa kiasi fulani, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa karibu bilioni 2.5. Nasi tumo katika hesabu hiyo.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa Serikali, na hasa wenye dhamana ya ulinzi na wenye dhamana ya afya, wayatazame mambo haya machache.

Kwanza, kila kijana anayeingia jeshini, na kila anayechaguliwa kwa kozi ya miamvuli, apimwe usikivu kabla ya kuanza, na apimwe tena kila mwaka na siku ya kuondoka. Bila ya kipimo cha mwanzo hakuna awezaye kujua kilichopotea, wala kudai wala kulipa.

Pili, vizibo viwe sehemu ya zana za urukaji, vikaguliwe pamoja na mwamvuli kabla ya kupanda ndege, na asiyekuwa navyo asipande. Waganga wa tiba ya anga ndio wachague aina inayofaa, kwa sababu mabadiliko ya uzito wa hewa yana masharti yake. Na wanaokaa mlangoni muda mrefu wapewe kinga maradufu, ya kizibo na ya kifuniko juu yake.

Tatu, wafundishwe kuvaa. Kizibo cha sponji husokotwa kwa vidole mpaka kiwe chembamba, sikio likavutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kikaingizwa, kisha kikashikiliwa kwa nusu dakika mpaka kitanuke. Kizibo kinachoning'inia nje ya tundu ni pambo tu. Pamba kavu nayo haizuii kitu.

Nne, waalimu wapewe zamu, ili mtu mmoja asibebe kelele ya vikosi vyote. Nafasi ya kupumzika katika kimya baada ya kazi ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi.

Tano, yanapofanyika mazoezi ya ndege na ya silaha karibu na makazi, wananchi waarifiwe mapema kupitia serikali za vijiji na za shehia, ili wazee, wagonjwa na watoto wawekwe mbali. Anayejua ngurumo inakuja huziba masikio ya mwanawe; asiyejua hukimbia.

Sita, hospitali za wilaya, Malinyi pamoja na wilaya zetu za Unguja na Pemba, zipewe vyombo vya kupimia usikivu na watu waliofunzwa kuvitumia. Kila mwaka tarehe 3 Machi ulimwengu huadhimisha Siku ya Usikivu. Siku hiyo isipite kwa hotuba peke yake. Na iwe siku ya kuwapima wenye mashine za mpunga, manahodha, maseremala na askari waliostaafu.

Kwa vijana wenyewe tunasema: kuvaa kizibo si woga. Yule asiyetaka kukivaa kwa kuogopa kuchekwa, ameshindwa na kicheko kabla ya kukutana na adui. Na kwa wakuu tunasema kwamba askari huiga. Siku kamanda atakapopanda ndege na vizibo masikioni mwake mbele ya kikosi, hapatahitajika waraka.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walikusudia mtu anayepuuza shauri jema, nasi twaliona neno lao likitimia kwa maana zote mbili. Sikio la kijana wetu bado li hai. Lasikia mwamba ukivuma nje ya Nungwi, na lasikia mabua yakivunjika kando ya mto Kilombero. Alilichukua jeshini likiwa zima kwa ajili yetu. Na tuhakikishe anarudi nalo nyumbani, ili mama yake akimwita kutoka uani, aitike.